Mlimani, porini, baharini: mfuko upi wa huduma ya kwanza kwa safari ipi

Mfuko uliopangwa vizuri kwa ajili ya Kilimanjaro hautamfaa mtu aliyekanyaga samaki taa kwenye maji ya kupwa huko Mafia. Na ule wa Mafia, wenye siki na chupa mbili za chai zilizojaa maji ya moto, ni mzigo wa bure ukifika kambi ya Horombo mlimani. Tunalinganisha hapa safari nne: matembezi ya siku moja (Irente, Uluguru, Ngong, Longonot), kupanda Kilimanjaro, kambi ya porini kwa gari (Ruaha, Serengeti, Tsavo), na safari ya baharini kwa mashua au boti (Mafia, Kilwa, Watamu, Lamu).

Kabla ya kununua hata plasta moja, jibu maswali matatu. Mtu akiumia, itachukua saa ngapi kumfikisha kwa daktari? Huko mnakokwenda, watu huumizwa na nini hasa? Na ni kitu gani kitauharibu mfuko wenyewe? Hilo la tatu ndilo wengi hulisahau. Mlimani baridi hugandisha dawa na kuua betri, porini joto la ndani ya gari huzipika, na baharini chumvi huozesha mkasi na kubandua kila plasta.

Vipimo hivi ni vya watu wazima wanne, siku tano hadi saba, isipokuwa safu ya kwanza.

| | Siku moja | Kilimanjaro | Porini kwa gari | Baharini |
|---|---|---|---|---|
| Glavu (jozi) | 2 | 4 | 6 | 4 |
| Gozi safi 10×10 sm | 5 | 10 | 20 | 15 |
| Bandeji ya kuvutika | 1 ya sm 10 | 2 za sm 10 | 2 za sm 10, 2 za sm 15 | 2 za sm 10 |
| Kitambaa cha pembetatu | 1 | 1 | 3 | 1 |
| Plasta ya roli | 1 | 2 | 1 | 1 isiyopitisha maji |
| Mkanda wa kuzuia damu | – | – | 1 | 1 |
| ORS (pakiti za lita 1) | 2 | 8 | 12 | 8 |
| Parasetamoli mg 500 | 10 | 30 | 30 | 20 |
| Ibuprofeni mg 400 | 4 | 20 | 12 | 8 |
| Setirizini (ya mzio) mg 10 | 4 | 6 | 10 | 10 |
| Cha pekee | kibanio cha miiba | oksimita (kipima oksijeni cha kidoleni), asetazolamaidi | banzi la kiungo, maji ya kuoshea macho | siki, maji ya moto, dawa ya kichefuchefu |
| Adui wa mfuko | kusahaulika nyumbani | baridi | joto | chumvi na maji |

Kisanduku cha dukani au cha kujipangia?

Kisanduku kinachouzwa pamoja na pembetatu ya barabarani na kizimamoto kinamridhisha trafiki. Ukikifungua utakuta plasta ndogo tele, bandeji mbili nyembamba, na mkasi usiokata hata suruali ya jinsi. Ukinunue kama unahitaji sanduku lenyewe. Vya ndani vitoe karibu vyote, kisha nenda duka la dawa na orodha yako.

Hapo duka la dawa pana mtego. Ukiomba vidonge kumi, muuzaji hukata kipande cha pakiti na kukutilia kwenye bahasha, na tarehe ya kuisha muda inabaki kwenye kipande kingine. Omba kipande chenye tarehe, au nunua pakiti nzima. Juu ya bahasha andika kwa kalamu jina la dawa, kipimo na kazi yake, kwa maneno ambayo mtu mwingine ataelewa saa nane za usiku akiwa na tochi mdomoni. Bahasha iliyoandikwa "1x3" bila jina la dawa itupe.

Halafu chombo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi za Kenya. Kwa hiyo usitegemee kufunga vitu vyako kwa malboro. Kontena gumu la chakula lenye mfuniko wa kubana linatosha kwa siku moja na kwa mlima. Kwa boti tafuta mfuko wa turubai unaokunjwa mdomo mara tatu. Kwa gari, sanduku gumu lenye rangi inayoonekana.

Vitu ambavyo haviachwi popote

Glavu, gozi, bandeji, plasta, mkasi wa kukata nguo, kibanio chenye ncha, pini, povidoni-ayodini chupa ndogo, ORS, parasetamoli, setirizini, kipimajoto, tochi ya kichwani, blanketi jembamba la kung'aa, kalamu isiyofutika na karatasi. Kalamu mtu huidharau mpaka siku ya kuandika saa mtu alipoumwa na nyoka.

ORS changanya kwa lita moja kamili ya maji safi kila pakiti. Kuikoleza "ili ifanye kazi haraka" kunazidisha kuharisha. Zikiisha, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita moja. Parasetamoli isizidi vidonge vinane vya mg 500 kwa saa 24, na kumbuka dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ibuprofeni asipewe mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, wala mtu aliyekaukiwa maji mwilini, kwa sababu huumiza figo wakati huo.

Dawa za mtu binafsi (pampu ya pumu, insulini, adrenalini ya mwenye mzio mkali) hubebwa na mwenyewe mwilini, na ya akiba hubebwa na mtu mwingine. Ziwe sehemu mbili, kwa sababu begi moja linaweza kupotea au kuzama. Chanjo ya pepopunda iwe imetazamwa kabla ya safari: kidonda kichafu kikimpata mtu ambaye imepita zaidi ya miaka mitano tangu achanjwe, atahitaji sindano nyingine.

Siku moja

Mfuko wa huku uwe mwepisi kiasi kwamba hutautoa begini kwa sababu ya uzito. Kinachotokea ni kifundo cha mguu kuteguka, lengelenge, kukwanguka magoti na kuumwa na nyuki. Mwiba wa nyuki ukwangue mara moja kwa ukucha au ukingo wa kadi. Kadiri unavyochelewa ukitafuta njia nzuri, ndivyo sumu inavyozidi kuingia. Upupu usikune wala kuosha kwanza: bandika plasta ya roli juu ya ngozi na uivute, vinyweleo vitoke nayo, ndipo uoshe. Basi. Longonot ongeza maji, maana ukingo wa kreta hauna kivuli.

Kilimanjaro

Kosa la kwanza la mlimani ni mahali pa kuweka mfuko. Begi kubwa linakwenda na wapagazi, na wapagazi wako mbele yako kwa saa mbili au tatu. Vitu vya dharura viwe kwenye begi dogo la mgongoni mwako. Na kwa kuwa huruhusiwi kupanda bila kiongozi mwenye leseni, muulize kabla ya kulipa: kundi linabeba oksijeni? Oksimita? Nani amefunzwa kuvitumia? Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia ubebe nini mwenyewe, usirudie kilichopo.

Hatari kubwa ni urefu. Katika njia ya Marangu unalala Mandara karibu mita 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700, kisha usiku unaelekea Uhuru, mita 5,895. Kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula au kizunguzungu, kihesabu kuwa ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Mwenye dalili haongezi hata mita moja. Zikizidi akiwa amepumzika, anashuka, hata kama ni usiku.

Asetazolamaidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox, hutumika kuzuia: mg 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidonge vingi ni vya mg 250, hivyo unagawa nusu kwa nusu. Vidonge vinane kwa kila mtu anayeitumia vinatosha na kubaki. Itafanya vidole viwashe kama ganzi, ukojoe sana, na soda ipoteze ladha. Ijaribu nyumbani siku mbili kabla ya safari, ili usije ukadhani ganzi hiyo ni ugonjwa ukiwa kambi ya Barafu. Muhimu zaidi kwa watu wa huku kwetu: aliyewahi kuvimba au kutoka vipele vikali kwa SP (ya malaria) au Septrin amwambie daktari kabla ya kuandikiwa, kwa sababu dawa hizo zina salfa na hii ni ya ukoo wake. Na mwenye selimundu asipande kabla ya kumwona daktari wake. Hewa haba ya juu huweza kuleta maumivu makali na hata kuharibu bandama.

Kuna hali mbili zinazoua. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anaongea ovyo, au anayumba kama mlevi. Mwambie atembee mstari mmoja akigusisha kisigino na kidole. Akishindwa, ashuke sasa hivi akiwa ameshikwa. Deksamethasoni mg 8 kwanza, kisha mg 4 kila saa sita, humpa nguvu ya kushuka, na ibebwe na aliyeandikiwa na kufundishwa. Ya pili ni maji kwenye mapafu: kukosa pumzi hata akiwa amekaa, kikohozi, mapovu yenye rangi ya waridi. Huyu anahitaji oksijeni, na abebwe badala ya kutembea, maana kutembea kunaongeza shinikizo kwenye mapafu. Kuna machela za gurudumu moja mlimani kwa kazi hiyo. Hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya kushuka.

Oksimita inasaidia na pia inadanganya. Kibo, mtu mzima mwenye afya anaweza kusoma asilimia 80 na kitu, namba ambayo Moshi mjini ingemkimbiza hospitali ya KCMC. Vidole vya baridi, rangi nzito ya kucha na hina nyeusi hushusha usomaji zaidi. Pasha kidole joto, subiri namba itulie kwa dakika moja, kisha linganisha na wenzake walio kambi hiyohiyo. Anayetofautiana sana na wengine ndiye wa kumtazama.

Miguu nayo. Lengelenge huanza kama sehemu ya joto. Bandika plasta ya roli hapo hapo, kabla ya maji kujaa. Ngozi iwe kavu, na kata pembe za plasta ziwe duara ili soksi isizikunje. Kwenye baridi gundi haishiki, hivyo ipashe plasta kwa kiganja kwanza. Kucha za miguu zikate siku tatu kabla ya safari. Wakati wa kushuka ndipo kucha ndefu hugeuka nyeusi.

Usiku wa kilele, vitu vinavyoganda viwe ndani ya koti, karibu na ngozi: matone ya macho, insulini (ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka), oksimita. Betri za lithiamu hustahimili baridi kuliko zile za kawaida. Dawa za usingizi ziache nyumbani. Hupunguza pumzi wakati pumzi yenyewe ni haba.

Porini kwa gari

Watu hufunga safari ya porini wakiwaza simba na nyoka. Gari lenyewe ndilo la kuogopa zaidi: barabara ya changarawe, vumbi, punda milia ghafla, gari limelala ubavu. Ndiyo maana safu ya porini ina gozi 20 na bandeji nene. Damu ikitoka kwa kasi, jaza kidonda gozi na ukandamize kwa mikono miwili dakika kumi bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoharibu, maana unang'oa damu iliyoanza kuganda. Ikishindikana kwenye mkono au mguu, tumia mkanda wa kuzuia damu, juu ya jeraha kwa upana wa vidole vinne hivi, usiwe juu ya kiungo, kaza mpaka damu ikome, andika saa kwenye paji la uso. Mikanda ya bandia imejaa sokoni na kijiti chake huvunjika kinapokazwa. Jaribu wako nyumbani kwenye paja lako. Kijiti kikipinda, si mkanda huo.

Banzi la kununua ni zuri, lakini boksi la katoni la maji ya kunywa likikatwa na kukunjwa mara mbili linashikilia mkono uliovunjika vizuri tu. Vitambaa vitatu vya pembetatu ndivyo vitakavyolifunga.

Nyoka. Huduma ni ileile kwa wote hapo mwanzo: mlaze, vua pete na bangili kabla ya kuvimba, funga banzi kiungo kisitikisike, chora kwa kalamu mpaka wa uvimbe na saa kila nusu saa, endesha kuelekea hospitali. Usikate, usinyonye, usifunge kamba. Jiwe jeusi ni kupoteza muda. Kufunga bandeji ya kukaza mguu mzima husaidia kwa sumu inayopooza kama ya koboko, lakini kwa kifutu, anayeozesha nyama, huweza kuongeza madhara, hivyo asiyefunzwa abaki na banzi. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi dakika 15 hadi 20 mfululizo. Toboa kifuniko cha chupa ya lita moja kwa pini, upate mkondo mwembamba. Dawa ya sumu ya nyoka usibebe: nyingi zinataka jokofu, na huweza kumletea mtu mzio wa kuua, hivyo hutolewa hospitalini. Badala yake piga simu kabla ya safari, uulize hospitali ipi ya njiani wanayo leo. Weka pia namba ya ndege ya wagonjwa. AMREF Flying Doctors ya Nairobi ndiyo inayojulikana zaidi, na kujiunga kabla ni rahisi kuliko kujadili malipo ukiwa porini.

Homa. Kipimo cha haraka cha malaria na dozi ya dawa mseto (vidonge 24 kwa mtu mzima: vinne vinne mara sita, mwanzo, saa 8, 24, 36, 48 na 60, pamoja na chakula chenye mafuta) vina nafasi yake kama mko mbali na zahanati. Ila elewa mambo mawili. Malaria huchukua angalau siku saba tangu mbu aume, kwa hiyo homa ya siku ya tatu haikutoka kambini. Na aliyeugua wiki mbili zilizopita anaweza kupima ana malaria ingawa amepona, kwani kipimo kinanasa mabaki.

Yote haya yataharibika ukiyaacha kwenye dashibodi. Dawa nyingi zinataka chini ya nyuzi 30, na gari lililoegeshwa juani hupita hapo kwa dakika chache. Weka sanduku sakafuni nyuma ya kiti, limefunikwa taulo lililolowa maji, au kwenye friji ya gari bila kugusa barafu. Vidonge vya klorini vya kusafishia maji soma pakiti: kuna vya lita 1 na vya lita 20, na vinafanana. Nguo za bluu na nyeusi huita mbung'o. Hilo halina dawa mfukoni, badilisha shati.

Baharini

Dawa kuu ya baharini ni maji ya moto. Sumu ya taa, ya samaki-jiwe na ya miiba ya nungu wa baharini hudhoofishwa na joto. Kwa hiyo chupa mbili za chai za lita moja na beseni, hata kama nahodha atacheka. Changanya na maji ya baridi mpaka yawe ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, na majaribio yafanywe kwa mguu usioumia, kwani ule ulioumia hausikii sawasawa. Loweka dakika 30 hadi 90, ukiongeza maji ya moto mguu ukiwa umetolewa. Mwiba wa taa ulioingia tumboni au kifuani usiung'oe. Uzungushie gozi, uushikize, ukimbilie hospitali.

Miiba ya nungu huvunjika ukiivuta kwa pembeni. Vuta zile zinazoonekana kwa kibanio, kwa uelekeo ulioingia. Madoa meusi yanayobaki mara nyingi ni rangi tu na hupotea ndani ya siku mbili. Wasiojua huchimba nyama bure. Pwani watu hupaka utomvu wa papai bichi. Kwa miiba ya juujuu sawa, lakini iliyo karibu na kiungo cha kidole ni ya hospitali.

Yavuyavu: toka majini, usisugue mchanga, usioshe kwa maji ya bomba, na mkojo acha. Osha kwa maji ya chumvi, toa mikia kwa kibanio, kisha maji ya moto. Siki, sekunde 30, ni kwa wale wenye umbo la sanduku.

Sinarizini, dawa ya kichefuchefu cha bahari, huliwa saa mbili kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika, kidonge kinarudi na chai. Promethazini mg 25 ina nguvu, lakini inalaza; asipewe anayeingia majini kuangalia papa potwe. Mkanda wa kuzuia damu upo kwa sababu ya pangaboi. Na mtu aliyezama, tofauti na aliyeanguka kwa moyo, anataka hewa kwanza: pumzi tano, kisha kandamiza kifua mara 30 na pumzi mbili, bila kukoma.

Mkasi na kibanio vya baharini vipake mafuta ya mashine na uvifunge kwenye kitambaa kikavu. Plasta za kawaida hazitashika. Kausha ngozi, pitisha plasta ya roli isiyopitisha maji kuzunguka kidole kizima, mwisho upande juu ya mwanzo. Mkwaruzo wa matumbawe usugue kwa brashi laini na sabuni siku ileile ingawa unauma, maana vipande vidogo vinavyobaki ndivyo vinavyotunga usaha wiki nzima.

Ukiunganisha safari mbili

Wengi hushuka Kilimanjaro wakaenda Unguja moja kwa moja. Usibebe mifuko miwili. Moshi, toa asetazolamaidi iliyobaki, oksimita na roli moja ya plasta, utume nyumbani na nguo za baridi. Gozi, bandeji na povidoni baki nazo. Siki na beseni utavipata sokoni Darajani, chupa za chai ziko kila nyumba ya wageni. Kitu kimoja tu kinunue kabla ya kupanda boti: sinarizini, kwa sababu utakapoikumbuka mtakuwa mmeshapita kisiwa cha Mbudya.